Daftari la Madondoo na Wasomaji wa Ulaya

Katika Ulaya ya karne ya 16 na ya 17, walimu wa sarufi na balagha waliwafundisha vijana kwamba kusoma bila kalamu mkononi ni kusoma nusu, na kwa sababu hiyo mwanafunzi wa Kilatini alitakiwa kuwa na daftari tupu ambamo alinakili, chini ya vichwa vya mada vilivyopangwa mapema, vifungu alivyovichagua katika vitabu vya wengine: semi za wahenga, visa vya wafalme, tashbihi, na hoja za kutetea au kupinga jambo. Daftari hilo, ambalo hapa litaitwa daftari la madondoo, halikuwa shajara, kwa kuwa halikufuata mwendo wa siku za mwenyewe, wala halikuwa kitabu kilichotungwa ili kisomwe na watu. Lilikuwa akiba ya maneno yaliyokwisha kusemwa vizuri, iliyowekwa tayari kwa siku ya kuandika waraka, kuhutubia baraza au kuhubiri.

Asili yake ni mafunzo ya balagha, yaani elimu ya kusema kwa ushawishi, ya Wagiriki na Warumi. Aristotle, na baadaye Cicero, walieleza kwamba hoja zina mahali pake pa kutafutwa, na kwamba baadhi ya mahali hapo ni pa wote, kwa maana kwamba msemaji yeyote anaweza kupaendea katika kesi yoyote. Seneca, katika barua yake ya 84 kwa Lucilius, alimfananisha msomaji na nyuki anayezunguka maua, na tashbihi hiyo ilirudiwa na waandishi wa karne zilizofuata hata ikachakaa. Ajabu ni kwamba wengi walioinakili waliishia kwenye maua, wakasahau nusu ya pili ya hoja yake, kwamba yaliyokusanywa hayana budi kuyeyushwa yawe kitu kimoja kipya. Katika Zama za Kati kazi ya kukusanya ilifanywa zaidi kwa ajili ya wahubiri. Mwaka 1306 Thomas wa Ireland alikamilisha jijini Paris mkusanyo ulioitwa *Manipulus florum*, wenye madondoo yapatayo 6,000, mengi yakiwa ya mababa wa Kanisa, yaliyopangwa kwa alfabeti ya mada ili mhubiri aliyebanwa na muda asihangaike.

Aliyelifanya daftari hili kuwa wajibu wa kila msomi ni Erasmus wa Rotterdam. Katika *De copia*, kitabu cha kufundishia wingi wa maneno na mawazo kilichotoka mwaka 1512, alionyesha jinsi sentensi moja ya kushukuru kwa barua iliyopokewa inavyoweza kusemwa kwa njia zaidi ya 100, kisha akaeleza mahali pa kupata utajiri huo: msomaji aandae vichwa vya maadili na maovu, kila kimoja kikiwa karibu na kinyume chake, uchamungu na ukafiri, uaminifu na usaliti, halafu apitie waandishi wote wakubwa huku akiweka kila anachokipata mahali pake. Mpango huu ulikuwa na dhana nzito ndani yake, nayo ni kwamba ulimwengu wa mambo yanayostahili kujulikana umekwisha kugawanywa, na kwamba msomaji hana kazi ya kubuni migawanyo bali ya kuijaza.

Dhana hiyo iliwafaa pia wachapishaji. Mwaka 1503 Domenico Nani Mirabelli alitoa *Polyanthea*, mkusanyo wa madondoo uliokwisha kupangwa, ambao ulichapishwa tena na tena kwa zaidi ya karne moja, na bila shaka ulisomwa na wengi waliotaka kuonekana wamesoma vitabu ambavyo hawakuvigusa. Wachapishaji wa Uingereza nao walizoea kuweka alama za mkato pembezoni mwa mstari uliofaa kunakiliwa; toleo la kwanza la *Hamlet*, la mwaka 1603, lina alama hizo kando ya nasaha za mshauri wa mfalme kwa mwanawe, jambo linaloonyesha kwamba hata tamthilia ilitazamwa kama shamba la kuchumia madondoo.

Hata hivyo vichwa vya wote havikumzuia mtu kukusanya ya kwake, na ushahidi mzuri wa hilo ni daftari la mshairi John Milton, lililogunduliwa mwaka 1874 katika jumba la Netherby, kaskazini mwa Uingereza, na ambalo sasa limo katika Maktaba ya Uingereza. Kwa nje daftari hilo ni la kawaida kabisa: lina sehemu tatu, yaani maadili ya mtu binafsi, uendeshaji wa nyumba, na siasa, na vichwa vyake vimeandikwa kwa Kilatini kama shule ilivyofundisha. Lakini mtu akiangalia kilichowekwa chini ya vichwa hivyo hukuta ndoa, talaka, mfalme na mdhalimu vikipata madondoo ambayo hayakuokotwa ovyo, na mwelekeo wake ndio uleule wa vitabu ambavyo Milton alivitoa baadaye, vya kutetea talaka katika miaka ya 1640, na kile cha mwaka 1649 kilichotetea haki ya watu kumhukumu mfalme. Maandishi ya baadhi ya vifungu ni ya mikono ya watu wengine, kwani Milton alipofuka kabisa kufikia mwaka 1652, na kazi ya kunakili ikaendelezwa na wasaidizi.

Si kila mahali mpangilio ulionekana kuwa jambo la lazima. Bahauddin al-Amili, mwanachuoni aliyezaliwa Baalbek mwaka 1547 na kuishi Isfahan, alikusanya mashairi, hesabu, visa na hadithi bila mpango, na akauita mkusanyo wake *Kashkuli*, jina la bakuli la darweshi, ambalo hupokea chochote kinachotiwa. Wasomi wa Ulaya hawakuwa na utulivu huo. Kadiri vitabu vilivyozidi kuchapwa ndivyo kero yao ilivyokua, kwa sababu vichwa vilivyotengewa kurasa mapema vilileta hasara za aina mbili kwa pamoja: mada moja ilifurika na kukosa nafasi, huku nyingine ikiachiwa karatasi tupu, nayo karatasi haikuwa bidhaa ya kuchezea.

Suluhisho lililopata sifa kuliko yote lilitolewa na mwanafalsafa John Locke, aliyekuwa uhamishoni Uholanzi, katika makala ya Kifaransa iliyochapishwa mwaka 1686 katika jarida la Jean Le Clerc, *Bibliothèque universelle*. Locke alitenga kurasa mbili za mwanzo kwa faharasa, yaani orodha ya kuonyesha jambo liko ukurasa gani. Aliondoa herufi K, W na Y, ambazo kazi yake ilifanywa na nyingine, akaibana Q katika nafasi ya mwisho ya Z, na kwa kuwa J na V wakati huo zilihesabiwa pamoja na I na U, zilibaki herufi 20. Kila moja akaigawa kwa irabu tano, na hivyo akapata vyumba 100. Msomaji aliyetaka kuhifadhi dondoo kuhusu nyaraka alichagua kidahizo cha Kilatini *Epistola*, akachukua herufi ya kwanza, E, na irabu inayofuata, I, kisha akatazama chumba cha E-I. Kikiwa kitupu, alifungua kurasa mbili za kwanza zilizo wazi, akaandika humo, na kuingiza namba ya ukurasa katika chumba hicho. Zikijaa, alihamia kurasa nyingine zilizo wazi, popote zilipo, na kuongeza namba yake. Hakuna karatasi iliyokaa bure, na vidahizo visivyohusiana kwa maana viliweza kupanga nyumba moja kwa sababu tu vilianza kwa sauti zilezile.

Locke aliuwasilisha utaratibu huo kama jambo la ufundi tu, lakini athari yake ilikwenda mbali kuliko ufundi. Mwalimu hakuwa tena na nafasi ya kupanga ulimwengu kabla mwanafunzi hajafungua kitabu. Kichwa kilizaliwa siku msomaji alipokihitaji, na mfululizo wa kurasa ukawa kumbukumbu ya yale yaliyomshughulisha yeye, kwa zamu ambayo yalimshughulisha. Makala hiyo ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1706, na mwaka 1770 mchapishaji John Bell wa London akaanza kuuza madaftari yenye faharasa ya Locke iliyokwisha kuchapwa. Mmoja wa walionunua daftari la Bell ni tabibu Erasmus Darwin, babu wa mwanasayansi Charles Darwin, ambaye kuanzia mwaka 1776 alilijaza maelezo ya wagonjwa na michoro ya mashine alizozibuni mwenyewe, hata madondoo ya waandishi wengine yakawa wageni katika kitabu kilichotengenezwa kwa ajili yao.

Karne ya 19 iliishusha thamani ya kunakili kwa mkono, kwa kuwa magazeti yalikuwa rahisi kiasi cha kukatwa kwa mkasi bila majuto. Mwaka 1873 mwandishi wa Marekani Mark Twain alipata hataza ya daftari ambalo kurasa zake zilipakwa gundi kavu mapema, na mwenye nalo alihitaji tu kulowesha sehemu aliyoitaka na kubandika kipande chake.