Jibu Lililokuwa Nje ya Ini

Mwaka 1964 wapasuaji wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan, Charles Child na Jeremiah Turcotte, walikuwa na swali la kikazi tu: kati ya wagonjwa wa sirosisi, yaani wale ambao ini lao limejaa makovu, ni nani atakayehimili kisu? Damu inayotoka kwenye utumbo hukwama katika makovu hayo, shinikizo hupanda, na mishipa ya umio huvimba hadi kupasuka. Kazi ya mpasuaji ilikuwa kuifungulia damu njia ya pembeni. Wawili hao walitazama mambo matano: bilirubini (ile rangi inayofanya macho kuwa ya manjano), protini ya damu iitwayo albumini, maji ya tumboni, kuvurugika kwa akili, na hali ya lishe. Kisha wakawapanga wagonjwa katika madaraja A, B na C. Uteuzi wa mambo hayo haukutokana na takwimu, bali na uzoefu wa watu waliokwisha kuwaona wagonjwa wengi. Mwaka 1973, Pugh na wenzake wa London, wakichunguza wagonjwa 38 waliokatwa na kuungwa upya umio, waliondoa lishe, wakaingiza muda wa damu kuganda, na kulipa kila jambo alama moja hadi tatu. Jumla ni kati ya 5 na 15, na daktari huipata kichwani akiwa bado kando ya kitanda. Ndiyo maana mizani hiyo, iliyotokana na watu wachache hivyo, ingali inatumika hadi leo.

Ukitazama orodha zote mbili utaona kwamba kila kilichopimwa kilikuwa kazi ya ini lenyewe au athari yake ya moja kwa moja. Ilionekana ni busara: ugonjwa ni wa ini, basi tuliulize ini. Lakini miaka iliyofuata inaonyesha kwamba utabiri wa nani ataishi uliboreka kila ulipotoka nje ya kiungo kilichougua, na kwamba ini linapoanguka kwa ghafla, hali ya ini peke yake haitoshi kumwambia daktari jambo analotaka kujua.

Hatua ya kwanza ya kutoka nje ilitokea bila mtu kuikusudia. Mwaka 2000 watafiti wa Kliniki ya Mayo walichapisha hesabu iliyojengwa kwa wagonjwa 231 waliowekewa kijiti cha kupitishia damu ndani ya ini bila kupasuliwa. Safari hii takwimu ndiyo iliyochagua vipimo, na pamoja na bilirubini na kuganda kwa damu ikachagua kreatinini, ambayo ni kipimo cha figo. Chanzo cha ugonjwa nacho kilikuwemo, kisha kikaachwa. Hesabu hiyo, MELD, ilikuwa na bahati ya kufika wakati Marekani inatafuta njia ya haki ya kugawa maini ya kupandikiza, kwa kuwa utaratibu wa zamani ulimpa uzito mno aliyekaa foleni muda mrefu. Tarehe 27 Februari 2002 ikawa kanuni ya taifa: aliye karibu zaidi na kifo atangulie. Hivyo chombo kilichotengenezwa kupima hatari ya kijiti kikapewa kazi ya kupanga nani apate kiungo, na kasoro zake zikaanza kuonekana kwa wale walioachwa nyuma. Kreatinini hutokana na misuli. Mwanamke mwenye misuli michache huonekana ana figo nzima zaidi kuliko zilivyo kweli, akasubiri zaidi. Sodiamu ya damu iliongezwa mwaka 2016, na jinsia pamoja na albumini mwaka 2023. Miaka 21 kurekebisha jambo hilo la wanawake si kasi ya kujivunia.

Hata hivyo MELD haikutosha kwa mgonjwa aliyekuwa na sirosisi tulivu, kisha ndani ya siku chache akabadilika kabisa kwa sababu ya maambukizi, pombe au homa ya ini aina ya B. Mwaka 2011 vituo 29 vya Ulaya viliandikisha wagonjwa 1,343 waliolazwa kwa kuzidiwa ghafla, na matokeo yakatoka mwaka 2013 kwa jina la CANONIC. Waliokuwa na viungo vilivyoshindwa kwa kiwango kilichowekwa walikufa takriban theluthi moja ndani ya siku 28. Wasiokuwa navyo, chini ya wawili kwa mia. Viungo vitatu au zaidi vikishindwa, yaani daraja la tatu, vifo vilipita robo tatu. Kinachonishangaza zaidi ni kanuni ya kuingia daraja la kwanza, lile la chini kabisa: figo zikishindwa peke yazo, mgonjwa anaingia; ini likishindwa peke yake, na figo na akili zikiwa salama, haingii, kwa sababu wa namna hiyo hawakufa kwa wingi. Mizani iliyotoka humo iliongeza umri na chembe nyeupe za damu, mambo mawili yasiyo na uhusiano na kazi ya ini.

Mpinzani atasema figo ni shahidi tu: ini ndilo lililoanza, viungo vingine vinafuata. Kama ingekuwa hivyo, aliyekuwa na ini bovu zaidi tangu zamani angekufa upesi zaidi. CANONIC ilikuta kinyume. Wale ambao hawakuwahi kuzidiwa kabla ya hapo walifanya vibaya kuliko waliokwisha kuzidiwa, na uvimbe wa mwili mzima ulipanda pamoja na idadi ya viungo vilivyoshindwa. Pingamizi zito zaidi linatoka Asia, ambako madaktari tangu makubaliano yao ya mwaka 2009 hulitaka ini lishindwe kwanza, bilirubini ifike miligramu 5 kwa desilita na kuganda kwa damu kuharibike, ndipo jina la ugonjwa huu wa ghafla litolewe. Wana sababu: wakingoja figo zife, tiba imechelewa. Lakini hiyo ni hoja ya kumtambua mgonjwa mapema, si ya kutabiri mwisho wake. Walipounda mizani yao wenyewe ya utabiri, waliingiza humo kreatinini na laktati.

Liko pingamizi lingine ambalo siwezi kulipuuza, la wakati. Alama ya siku ya kulazwa hudhani mgonjwa atabaki alivyo, ilhali uchambuzi wa baadaye wa wagonjwa hao hao ulionyesha kwamba karibu nusu hupata nafuu, na kwamba daraja la kati ya siku ya tatu na ya saba linasema zaidi kuliko la kwanza. Kisha kuna upandikizaji. Mwaka 2017 vituo vitatu vya Ufaransa viliripoti wagonjwa 73 wa daraja la tatu waliopandikizwa: asilimia 83.9 walikuwa hai baada ya mwaka, dhidi ya 7.9 ya waliofanana nao bila kupandikizwa. Bila shaka walichaguliwa kwa makini, na aliyekuwa dhaifu mno hakupelekwa chumba cha upasuaji, kwa hiyo pengo hilo si la upandikizaji peke yake. Lakini hata ukilipunguza sana, linabaki kubwa, ilhali MELD ambayo bado inapanga foleni katika nchi nyingi haihesabu mapafu yaliyoshindwa wala shinikizo la damu lililoporomoka, na mgonjwa wa namna hiyo hupitwa na mwenye bilirubini ya juu ambaye anaweza kungoja.