Mkaa wa Katuruka

Tukimwuliza mzee wa Kibeta, katika Bukoba, nyumba ya babu yake ilijengwa lini, mara nyingi hatupewi tarehe bali twapewa tukio: mkama fulani alikuwa akitawala, au palikuwa na njaa, au Wadachi walikuwa wamekwisha kufika. Hii si kasoro ya kumbukumbu. Ni kalenda, na mwenye kuandika historia ya Buhaya hana budi kuisoma vema kabla ya kuigeuza iwe tarakimu.

Kuigeuza huko ndiko kwenye taabu. Tunavyo vigingi vichache vilivyosimama imara: Speke alifika Karagwe mwaka 1861 akamkuta Rumanyika, na Emin Pasha alianzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Kutoka hapo mwanahistoria hurudi nyuma kwa kuhesabu vizazi vya wakama, na wengi wamekipa kila kizazi miaka ipatayo 27. Lakini ndugu aweza kumrithi ndugu, na jina la mkama aliyechukiwa laweza kuachwa. Tukikosea miaka saba tu katika kila kizazi, vizazi kumi vyatupotosha miaka 70. Ndiyo maana jua lilipopatwa, watu hufurahi: mapokeo ya Nkore yasema jua lilipotea mchana huko Biharwe wakati wa vita na Bunyoro, na wanahistoria wengi wamelifunga tukio hilo na Aprili 17, 1520. Wengine wamepinga, nao wana haki ya kusikilizwa.

Lakini tutazame Katuruka, kusini mwa mji wa Bukoba. Mapokeo yasema Rugomora Mahe, mkama wa Kiamutwara katika karne ya 17, alikuwa na makao yake hapo, akaamuru wahunzi wamjengee mnara wa chuma ufike mbinguni. Mti mtakatifu wa mahali hapo uliitwa Kaiija, yaani mahali pa kufulia chuma. Mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt aliwasikiliza wazee kwanza, kisha akachimba walipoelekeza, kuanzia mwaka 1970. Akaona mavi ya chuma, matofali ya tanuri, na mkaa.

Mkaa ndio ulioleta mshangao. Mti ulio hai hunywa kaboni ya hewani. Ukikatwa, sehemu ya kaboni hiyo huanza kupungua, na nusu yake hupotea katika miaka 5,730. Kwa kupima iliyobaki, maabara hukadiria mti ulikatwa lini. Mkaa wa Katuruka haukuwa wa karne ya 17. Ulikuwa wa karne za mwisho kabla ya Kristo na za mwanzo baada yake.

Je, wazee walidanganya? Hasha. Walihifadhi mahali, na walihifadhi kazi iliyofanyika mahali pale. Mwaka ndio uliohama, ukavutwa hadi kwa mkama mwenye jina kubwa. Na jambo hili si dogo. Waandishi wa kikoloni walipenda kusema kwamba ustaarabu wa nchi za maziwa uliletwa na watawala wageni kutoka kaskazini. Masimulizi ya Rugomora Mahe, yakisomwa bila mkaa, yangeweza kuwapa nguvu, kwa kuwa yampa mkama wa Kihinda sifa ya chuma. Mkaa umerudisha sifa hiyo kwa wahunzi wasiojulikana majina, waliotangulia kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Hata mkaa, lakini, hausemi peke yake. Mhunzi akichoma gogo la mti mzee, kipimo hutoa umri wa gogo, si wa moto. Tena kwa miaka kati ya 800 na 400 kabla ya Kristo kipimo hiki hupoteza makali, kwa sababu kaboni ya hewani ilibadilika, na tarehe hutanuka kwa karne nzima au zaidi. Kwa hiyo mchimbaji mwangalifu huchukua mikaa mingi kutoka tabaka moja, hupendelea ya vijiti vichanga, kisha hurudi tena barazani kwa wazee kuuliza upya.