Sahani ya Mama Ntilie

Daktari aliponiambia nipunguze mafuta, nilijua ndiyo basi tena, nimeagana na kula nje. Kumbe dawa iko pale kona, kwa mama ntilie.

Mwaka 1983 ilipopita Sheria ya Nguvu Kazi, wanawake hawa wa Dar es Salaam walisumbuliwa kama wazururaji, sufuria zikiwa bado jikoni. Hawakuacha. Waliwapikia watu ambao mshahara haukufika mwisho wa mwezi, kwa hiyo sahani ikajaa maharage, mchicha, dagaa. Nyama kidogo tu. Hesabu ya mfuko, lishe nani aliiwaza?

Mimi nimeharibiwa na chipsi mayai (nazipenda bado, nisidanganye). Siku hizi naomba ugali nusu, mchicha mara mbili. Mama anacheka, ananikamulia ndimu.