Mruko na Mshuko: Mintarafu ya Maisha ya Matti Nykänen, Yakitazamwa kutoka Matinyani

Huko Matinyani, upande wa magharibi wa mji wa Kitui, miezi ya kiangazi huwaachia watoto uwanja mpana wa mchanga mahali palipokuwa na mto, na jioni moja, mbuzi walipokwisha kunyweshwa kwenye kisima kilichofukuliwa katikati ya mchanga huo, niliwatazama wavulana wanne wakipanda ukingo uliokatwa na mafuriko, wakirudi nyuma hatua kumi, kisha wakija mbio na kujirusha hewani, mikono imebanwa ubavuni. Kilichonishangaza si mruko wao, kwani Wakamba wanasifika tangu zamani kwa ngoma ambazo wachezaji wake hupindukia hewani. Ni kile walichokitenda kabla ya kuruka. Wote wanne walipiga magoti, wakaukusanya mchanga mkavu kwa viganja, wakafanya tuta laini pale miguu yao itakapotua.

Nalileta jambo hili dogo mbele ya wasomaji kwa sababu limenirudisha kwenye hoja ambayo waandishi wa habari za michezo huipita haraka mno. Ada yao ni kuitafuta asili ya ushindi katika damu: Mfini huzaliwa na theluji miguuni, Mkalenjin na mbio kifuani, na aliyenyimwa majaliwa hayo atosheke na kushangilia. Dai langu ni kinyume cha hilo. Maisha ya mwanamichezo ni kazi ya mikono mingi, mfano wa matuta ya shamba yanayochimbwa na mwethya, yaani kikundi cha kazi ya pamoja cha Wakamba. Na ikiwa fahari ya kupanda kwake ni ya wengi, lawama ya kuanguka kwake haiwezi kutwikwa yeye peke yake.

Matti Nykänen, mrukaji wa skii wa Finland, alizaliwa mwaka 1963 katika mji wa Jyväskylä, uliokuwa na kilima cha kurukia skii, na waalimu, na wazee waliojua kutazama mruko na kusema kasoro yake ilipo. Akawa bingwa wa dunia huko Oslo mwaka 1982, kabla hajatimiza miaka kumi na tisa. Katika Olimpiki ya Sarajevo ya mwaka 1984 alitwaa dhahabu moja na fedha moja. Huko Calgary, mwaka 1988, alitwaa dhahabu zote tatu zilizokuwapo, mbili za kwake na moja pamoja na wenzake. Katika mashindano ya Kombe la Dunia alishinda mara 46, na taji la msimu mzima akalivaa mara nne. Aliyemwona hewani, kifua kimelala juu ya skii mbili zilizokaribiana, hana budi kukiri kwamba kipaji kilikuwapo. Lakini kipaji kile kisingetambulika kama Jyväskylä isingekuwa na kilima.

Dalili ya maneno haya imo katika safari ya Mkenya mmoja. Philip Boit, mpwa wa Mike Boit aliyepata nishani ya shaba ya mita 800 mwaka 1972, alikuwa mkimbiaji kabla ya kampuni ya Nike kumgharamia kwenda Finland, mwaka 1996, kujifunza kusafiri kwa skii. Miaka miwili baadaye, katika Olimpiki ya Nagano, alishiriki mbio za kilomita 10 akawa wa mwisho, kiasi cha dakika ishirini nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimngoja penye kikomo ili amkumbatie. Walimwengu waliiona huruma, wakaisifu, na kwa haki. Mimi naona na jambo jingine: mtu mzima aliyekutana na theluji mara ya kwanza akiwa katika umri wa kuoa aliweza, kwa misimu miwili tu ya kufundishwa, kuimaliza njia ya Olimpiki, akaendelea hata akashiriki tena Salt Lake City na Torino. Kama angeanza akiwa na miaka sita, nani angethubutu kutaja damu?

Na kwetu Kitui tunaye Benson Masya. Wanazuoni wa mbio hupenda kutaja Iten na mwinuko wake wa zaidi ya mita 2,000. Kitui iko kwenye kiasi cha mita 1,100, katika nchi ya ukame, na Masya mwenyewe alianza kwa ndondi wala si kwa mbio. Hata hivyo ndiye aliyekuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa nusu-marathoni, huko Newcastle mwaka 1992, kwa saa moja na sekunde 24. Alishinda mbio za Great North Run, zinazoanzia huko huko Newcastle, mara nne, na marathoni ya Honolulu mara tatu.

Sasa narudi kwenye tuta la mchanga. Kanuni za mruko wa skii zina hekima ambayo sisi, mashabiki wa mbio, hatujaipata: umbali peke yake hautoshi. Waamuzi watano hutazama jinsi mrukaji anavyotua, mguu mmoja mbele ya mwingine na magoti yamelegezwa, na kila mmoja hutoa alama zisizozidi 20. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, tatu zilizobaki zikahesabiwa. Aliyefika mbali akaanguka hukatwa alama. Yaani mchezo wenyewe umekiri kwamba mshuko ni sehemu ya mruko.

Lakini wale waliouandaa mruko wa Nykänen kwa uangalifu mkubwa hawakumwandalia mshuko. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Msweden Jan Boklöv alianza kuruka skii zimetanuka mithili ya herufi V; waamuzi walimpunguzia alama, ila hewa ilimbeba mbali zaidi, na muda si muda mtindo wake ukawashinda wote waliozoea skii kukaa sambamba, Nykänen akiwa miongoni mwao. Mwaka 1992, katika Olimpiki ya Albertville, Finland ilishangilia dhahabu ya Toni Nieminen, kijana wa miaka 16 aliyeruka kwa mtindo mpya. Nykänen, bingwa wa zamani, aliingia katika uimbaji, ulevi na dhiki ya fedha. Mwaka 2004 akafungwa kwa kumchoma mtu kisu. Akafariki Februari 2019 akiwa na miaka 55.

Msomaji atanipinga kwamba wengi waliopita njia ile ile hawakushika kisu, na kwamba waliodhurika naye wana haki ambayo huruma yetu haiwezi kuifuta. Nakubali hoja hii yote, na sitaki dhuluma iitwe ugonjwa. Ninachokataa ni nchi kuzihesabu dhahabu kuwa zake na aibu kuwa ya mtu mmoja. Mtoto aliyefunzwa tangu utotoni jambo moja tu, akasifiwa kwa hilo moja tu, ameachwa bila ufundi mwingine na watu wazima waliojua kwamba magoti hayadumu. Na magazeti yaliyomwuza akiwa hewani yakamwuza tena akiwa chini.

Masya simshtaki kwa lolote la namna hiyo, wala siwalinganishi kwa tabia. Nawalinganisha kwa upungufu wa matuta. Great North Run aliishinda mara ya mwisho mwaka 1996. Tarehe 21 Septemba 2003 maelfu ya watu waliikimbia tena njia ile ya Newcastle. Tarehe 24, Benson Masya akafariki, akiwa na umri wa miaka 33.