Kadi Inayokesha Ndani ya Seva

Seva ikikwama kabla mfumo endeshi haujawaka, programu za kuifikia kwa mbali hazifui dafu, maana zenyewe zinautegemea mfumo huohuo. Zamani dawa ilikuwa moja: fundi afunge safari hadi chumba cha seva, achomeke skrini na kibodi, aone kimetokea nini. Kadi ya usimamizi wa mbali ilibuniwa ili kumwondolea safari hiyo.

Miaka ya 1990 Compaq iliuza kadi iliyoitwa Remote Insight. IBM na Dell nao wakaja na za kwao. Kwa nje ilikuwa kadi kama nyingine, lakini ndani ilikuwa kompyuta kamili yenye prosesa na kumbukumbu yake. Haikungoja seva iwashwe. Ilimradi waya wa umeme umechomekwa, kadi iko kazini. Fundi aliye mji mwingine aliweza kuizima seva, kuiwasha na kusoma maandishi ya kwanza kabisa kwenye skrini yake.

Tatizo ni kwamba kila kampuni ilikuwa na lugha yake. Mwaka 1998 Intel, Dell, Hewlett-Packard na NEC walitangaza kanuni za pamoja, IPMI. Toleo la 1.5 la mwaka 2001 lilizipitisha amri za kanuni hizo kwenye mtandao, kupitia poti 623 ya UDP. Toleo la 2.0, mwaka 2004, likaongeza usimbaji fiche.

Hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo tunalilipia hadi leo. Katika toleo la 2.0, mtu akijitambulisha kwa jina la mtumiaji lililopo, kadi humtumia alama iliyokokotolewa kutokana na nenosiri kabla yeye hajathibitisha lolote. Mdukuzi huichukua alama hiyo, akakaa kwake na kujaribu maneno mpaka apate linalolingana. Nenosiri lenyewe haliwezi kuzidi baiti 20. Mwaka 2013 mtafiti wa usalama Dan Farmer aliyaanika haya hadharani, na hakuna kiraka kinachoweza kuyaondoa, kwa sababu udhaifu umo ndani ya kanuni zenyewe.

Wakati huo kadi ilikuwa imeanza kutoweka machoni. Tangu 2002, kwa teknolojia ya iLO ya Hewlett-Packard, kazi yake ilihamia kwenye chipu iliyo katika ubao mkuu wa seva, na nguvu zikazidi kupanda. Chipu ya AST2400 ya kampuni ya ASPEED ya Taiwan ilikuwa na mwendo wa megahezi 400. AST2600 ina viini viwili vya gigahezi 1.2. Mwaka 2015 shirika la DMTF lilitoa Redfish, kanuni mpya zinazotumia HTTPS. Ni hatua njema, ila mamlaka ya kifaa hayajapungua: anayekishika anaweza kufuta diski, kubadili mfumo endeshi na kuizima seva, bila programu za ulinzi zilizo juu yake kuona chochote.

Basi wewe unayesimamia seva, za benki, hospitali au chuo, angalia mlango wa mtandao wa kifaa hicho umeungwa wapi. Uwekee mtandao wake uliotengwa, badilisha nenosiri la kiwandani, zima IPMI ya mtandaoni usipoihitaji, na usiuache kamwe wazi kwenye intaneti.