Majina ya Mahame: Wellington na Handaki la Cascade

Mahali palipohamwa na wenyeji wake Kiswahili hupaita mahame. Wellington, katika milima ya Cascade jimboni Washington, Marekani, ni mahame tangu mwaka 1929. Umri wake haukufika miaka arobaini, lakini pamekwisha kupewa majina matatu, na majina hayo yanafichua mambo ambayo reli zenyewe, zilizokwisha kung'olewa, haziwezi kuyasema.

Kampuni ya Great Northern, chini ya James J. Hill, ilifikisha reli yake Seattle mwaka 1893. Mwanzoni treni zilivuka mlima kwa kupanda mteremko huku zikienda mbele na kurudi nyuma, hatua kwa hatua. Ndipo handaki la kilomita 4.2 lilipofunguliwa mwishoni mwa mwaka 1900. Wellington ulikuwa kwenye mdomo wake wa magharibi. Moshi ulihatarisha maisha ya watu humo ndani, hata mwaka 1909 ikabidi treni zivutwe kwa umeme.

Mwishoni mwa Februari 1910 treni mbili, moja ya abiria na moja ya barua, zilipita handakini zikakwama mjini kwa theluji. Baadhi ya abiria waliomba warudishwe ndani ya handaki. Wakuu walikataa, wakitoa hoja ya baridi na moshi. Vibarua wa kuzoa theluji nao waliacha kazi kwa sababu ya ujira mdogo. Usiku wa kuamkia Machi 1 theluji iliporomoka kutoka mteremko ambao miti yake ilikuwa imeteketea kwa moto, ikazisukuma treni zote mbili bondeni. Walikufa watu 96, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa reli waliokuwa wamelala katika mabehewa.

Mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, kampuni iliufuta mji katika ratiba zake, ikauandika Tye, jina la mto upitao bondeni. Mteremko ulibaki palepale, na watu walewale waliendelea kukaa chini yake, ingawa safari hii, ni haki kusema, reli ilijengewa paa kubwa la saruji. Kilichobadilishwa hasa ni neno ambalo msafiri angeliogopa alisomapo kwenye tiketi.

Neno jingine lilitoka mahakamani. Mwaka 1914 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba poromoko lile lilikuwa tendo la Mungu, na kampuni haikupaswa kulipa fidia. Mswahili husema "amri ya Mungu" matangani ili kumfariji mfiwa. Katika sheria ile, usemi wa namna hiyo ulimwondolea mfiwa dai lake. Yule aliyekataa ombi la abiria, na yule aliyepanga ujira wa vibarua, hawakuwa na nafasi katika usemi huo.

Januari 1929 lilifunguliwa handaki jipya la kilomita 12.5, chini zaidi mlimani, na Tye ukaachwa. Tangu mwaka 1993 njia ya zamani ya reli ni njia ya watembeao kwa miguu, iitwayo Iron Goat, yaani Mbuzi wa Chuma, kwa kuwa nembo ya kampuni ilikuwa mbuzi wa milimani. Kwa hiyo hata jina la tatu ni la kampuni. Lakini wanaopita chini ya paa la saruji, wakitazama bonde lilipoangukia mabehewa, hawaulizi habari za Tye. Huuliza habari za Wellington.