Wasee Sita Walioingia Mchezo wa Masonko: Stori za Maisha ya Wacheza Vitara

Ukimwambia msee wa mtaa ati unafanya fensi, atakuuliza nguzo ni ngapi na seng'enge umenunua wapi. Si makosa yake. Kenya hii mbio tunazijua hadi tunalala nazo, mpira tunabishania kila wikendi, na raga tunapiga kelele Safari Sevens ikifika. Lakini ule mchezo wa watu wawili wamevaa nguo nyeupe, uso umefunikwa na wavu, wanadungana na vyuma vyembamba? Huo wengi wetu tumeuona kwa sinema tu.

Kwa Kiswahili unaitwa mchezo wa vitara, na kwa miaka mingi umekuwa wa masonko. Klabu ni ghali, vifaa ni ghali, kocha ni ghali. Ndio maana stori za hawa sita zinafaa kujulikana. Hakuna kati yao aliyezaliwa ndani ya huo mchezo. Wengi wao kuna mtu aliwafungulia mlango, na ukiangalia vizuri utaona walichofanya na huo mlango baada ya kuingia.

Kwanza elewa mchezo wenyewe

Silaha ni tatu. Foili ni nyepesi, na unapata pointi ncha ikigusa kiwiliwili pekee. Epee ni nzito kidogo, na hapo mwili wote ni halali, kutoka kidole cha mguu hadi wavu wa uso. Mkidungana kwa wakati mmoja, kila mtu anapata yake. Seba ndiyo ya haraka kuliko zote: unaweza kudunga ama kufyeka, bora iwe kutoka kiunoni kwenda juu.

Wanachezea kwa ukanda mwembamba wa urefu wa mita 14. Vyuma vimeunganishwa na umeme, kwa hivyo ukiguswa taa inawaka na hakuna kukataa. Kwenye raundi za mtoano, wa kwanza kufika pointi 15 ndiye anasonga. Kwa epee na foili, vipindi vitatu vya dakika tatu tatu vikiisha kabla ya hapo, anayeongoza ndiye mshindi.

Mchezo huu uko Olimpiki tangu ile ya kwanza ya kisasa, 1896. Wanawake waliruhusiwa 1924, lakini foili peke yake. Epee yao iliingia 1996, na seba ikangoja hadi 2004. Weka hizo tarehe kwa akili, zitakusaidia huko mbele.

1. Peter Westbrook: aliyelipwa na mathe dola 5

*Kuzaliwa: 1952, St. Louis, Marekani. Silaha: seba. Kilele: medali ya shaba, Los Angeles 1984.*

Peter alilelewa Newark, New Jersey, kwa nyumba za serikali za watu wa mapato ya chini. Baba yake alikuwa mwanajeshi Mmarekani mweusi, mathe alikuwa Mjapani. Buda hakukaa. Mathe akabaki na watoto kwa mtaa uliokuwa na vurugu, na kijana wake alikuwa mtu wa kurusha mangumi. Akaona akizubaa, huu mtaa utammeza.

Akapata wazo la mchezo wa vitara. Kijana hakutaka hata kusikia. Mathe akafanya kile wazazi wengi hufanya maneno yakiisha: akatoa doo. Dola 5, uende ujaribu tu. Peter alienda juu ya pesa, akabaki juu ya mchezo.

Ule mchezo ulimpeleka chuo kikuu cha New York. Akawa bingwa wa Marekani wa seba mara 13. Aliitwa timu ya Olimpiki mara sita, kutoka 1976 hadi 1996, ingawa ile ya Moscow 1980 Marekani iligoma, sawa tu na Kenya. Mwaka wa 1984, pale Los Angeles, akachukua shaba. Hakuna Mmarekani mweusi aliyekuwa amewahi kupata medali ya Olimpiki kwa vitara kabla yake.

Wengi wangeishia hapo, wapige picha, wastaafu. Yeye mwaka wa 1991 alianzisha wakfu wake New York, Peter Westbrook Foundation, wa kufunza watoi ambao wazazi wao hawangeweza kulipia huo mchezo. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yao kubwa. Na haikuwa panga pekee, masomo pia yalifuatiliwa. Zile dola 5 za mathe zikaanza kuzaa.

2. Keeth Smart: pointi ya mwisho, mara mbili

*Kuzaliwa: 1978, Brooklyn, New York. Silaha: seba. Kilele: fedha ya timu, Beijing 2008.*

Keeth na dadake mdogo Erinn walikuwa kati ya watoto wa mwanzo kabisa kupitia mikono ya Westbrook. Mwaka wa 2003 Keeth alishika namba moja duniani kwa seba ya wanaume, Mmarekani wa kwanza kufika hapo.

Halafu maisha yakamgeukia. Buda yake alifariki 2005. Mwaka wa 2008, miezi michache kabla ya Beijing, yeye mwenyewe akalazwa na ugonjwa wa damu ambao ungemmaliza. Akapona kiasi cha kutembea, na mathe naye akaaga kwa saratani. Yote hayo kabla ya ndege ya kwenda China.

Alienda tu. Robo fainali dhidi ya Hungary, mechi ikafika 44-44. Pointi moja imebaki, na anayesimama pale ni Keeth. Akaichukua. Nusu fainali dhidi ya Russia, tena 44-44, tena ni yeye. Akaichukua tena. Fainali Ufaransa iliwanyorosha, lakini fedha ilikuwa yao. Olimpiki hiyo hiyo, Erinn naye alipata fedha na timu ya foili ya wanawake. Nyumba moja, medali mbili, na wazazi wote wawili hawakuwepo kuziona.

3. Ibtihaj Muhammad: mavazi ndiyo yalimpeleka

*Kuzaliwa: 1985, New Jersey. Silaha: seba. Kilele: shaba ya timu, Rio 2016.*

Dada yeyote wa Eastleigh ama Old Town Mombasa aliyewahi kuambiwa hawezi kucheza na buibui ataelewa hii haraka. Ibtihaj alipenda michezo tangu akiwa mdogo, lakini kila timu aliyoingia, mathe alilazimika kushona ama kuongeza kitu kwa sare ili binti afunike mwili. Yeye ndiye alikuwa tofauti uwanjani kila siku.

Siku moja wakipita na gari karibu na shule ya upili, mathe akaona wanafunzi wamevaa suruali ndefu, mikono mirefu, na kitu kichwani. Hakujua wanacheza nini. Alijua tu kwamba hapo hakuna kushona chochote. Binti akaanza vitara akiwa na miaka kama 12.

Alianza na epee, akahamia seba, kisha akaingia kwa Westbrook. Ile seba ya wanawake iliyoingia Olimpiki 2004? Ndiyo ilimfungulia njia. Alisoma chuo kikuu cha Duke, akawa kwa timu ya Marekani iliyochukua ubingwa wa dunia 2014, na mwaka wa 2016 akawa Mmarekani wa kwanza kushindana Olimpiki akiwa na hijabu. Alirudi nyumbani na shaba. Mwaka uliofuata kampuni ya Barbie ikatangaza mwanasesere anayefanana naye, hijabu na panga mkononi.

4. Lauren Scruggs: mtoto wa mwisho kumpa Westbrook zawadi

*Kuzaliwa: 2003, Queens, New York. Silaha: foili. Kilele: fedha na dhahabu, Paris 2024.*

Lauren alifuata kaka yake. Kaka naye alifuata sinema za Star Wars, zile za panga za mwanga. Ndivyo mambo makubwa huanza wakati mwingine, kwa upuzi wa watoto sebuleni. Wote wawili wakaishia kwa Westbrook.

Paris 2024, akiwa na miaka 21, alifika fainali ya foili. Alipoteza kwa mwenzake wa timu, Lee Kiefer, lakini akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutoka Marekani kupata medali ya Olimpiki ya mtu binafsi kwa vitara. Siku chache baadaye akaongeza dhahabu na timu.

Westbrook alifariki Novemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 72. Kutoka shaba yake ya 1984 hadi fedha ya Lauren ni miaka 40 kamili. Hebu fikiria mathe wake angehifadhi zile dola 5 za kununua unga.

5. Alexandra Ndolo: aliyeacha meza iliyojaa akaja kwetu

*Kuzaliwa: 1986, Bayreuth, Ujerumani. Silaha: epee. Kilele: fedha ya dunia, Cairo 2022.*

Sasa tuje nyumbani. Mamake Alexandra ni wa Poland, babake ni Mkenya. Alizaliwa na kukulia Ujerumani, akaanza na pentatloni ya kisasa, ule mchezo unaochanganya vitara na vitu vingine kama kuogelea na kukimbia. Mwishowe akabaki na epee pekee.

Akiwa Mjerumani alipata fedha ya Ulaya 2017 na shaba 2019. Julai 2022, kwa mashindano ya dunia kule Cairo, alifika fainali, akashindwa na Song Se-ra wa Korea Kusini. Namba mbili duniani, wasee. Mtu wa hapo ana timu nyuma yake, ana makocha, ana kila kitu.

Mwaka huo huo akahama, akaanza kuchezea Kenya. Nchi ambayo haikuwa imewahi kupeleka hata mchezaji mmoja wa vitara Olimpiki, na ambayo watu wake wanafikiria unaongea kuhusu seng'enge. Wengi hubadilisha nchi wakifuata ganji. Huyu aliacha ganji nyuma.

April 2024 alikata tiketi kwa mashindano ya Afrika ya kufuzu, Algiers. Julai akasimama Grand Palais, Paris, akiwa na miaka 37, Olimpiki yake ya kwanza na ya kwanza kwa Kenya kwa huu mchezo. Alikutana na Olena Kryvytska wa Ukraine. Wakafukuzana hadi mwisho. Akapoteza 13-12.

Pointi moja. Kwa mchezo ambao pointi ni ncha ya chuma kugusa kitambaa, hiyo ni nywele tu. Iliuma. Lakini jina la Kenya sasa liko kwenye hayo matokeo, na halifutiki.

6. Mburu Wanyoike: panga mtaani, lakini za aina nyingine

*Mji: Nairobi. Anajulikana kwa: Tsavora Fencing Mtaani.*

Wanyoike hana medali ya Olimpiki, na yuko kwa hii orodha kwa sababu nzuri. Ni kijana wa mitaa ya mabanda ya Nairobi, na yeye mwenyewe ameeleza wanahabari waziwazi kwamba aliwahi kuingia mambo ya uhalifu. Wenzake kadhaa hawakufika utu uzima. Yeye alitoka, na kilichomshika mkono ni vitara.

Alipotoka hakufunga mlango. Alianzisha klabu, akaiita Tsavora Fencing Mtaani, na neno la mwisho ndilo linabeba mzigo wote. Watoi wanafunzwa kusimama, kupiga hatua, kusoma akili ya mpinzani na kungoja, kwa mitaa ambayo mtu akitoa panga kawaida watu hukimbia. Huko mtoi anajifunza kwamba chuma mkononi kina sheria, kina refa, na mkimaliza mnavua wavu na kusalimiana. Hiyo salamu ni lazima, iko kwa sheria za mchezo.

Hajawahi kukaa darasa la Westbrook la Jumamosi. Lakini ukiwaweka wawili hao kando kando, kazi ni moja.

Sasa inabaki nini?

Angalia tena hawa sita. Mmoja alihongwa na mathe. Wawili walipata klabu iliyofunguliwa na yule aliyehongwa. Mmoja alifuata suruali ndefu, naye akaishia klabu hiyo hiyo. Ndolo alikuwa ameshafika juu kabisa, akarudi chini kuanza upya na nchi ya buda yake. Na Wanyoike ndiye yuko na watoi saa hii tunaposoma.

Kipaji hakikukosekana mitaa ya Newark, wala hakikosekani Nairobi. Kinachokosekana ni wavu wa uso, jaketi, chuma, na nauli ya kwenda mashindano. Bila hivyo, hata mtoi mwenye mkono wa haraka kuliko wote atabaki kufanya mazoezi na fimbo.

Olimpiki ijayo ni 2028, na inarudi Los Angeles, mji ule ule Westbrook alichukua shaba. Ndolo alishatangulia. Swali la Kenya si kama kutakuwa na wa pili. Swali ni nani atatoa zile dola 5.